Kunyoosha Mkono Mzima Ukiwa Umeketi: Yoga ya Kiti kwa Mabega, Mikono na Vidole

Katika Kiswahili mkono haukomei kwenye kiganja. Unaanzia begani, unashuka kiwikoni na kwenye kifundo, na unaishia kwenye ncha za vidole, ndiyo maana mtu akilalamika kwamba mkono unamuuma tunamwomba atuonyeshe ni wapi hasa. Mwongozo huu unafuata maana hiyo pana. Wengi wenye vidole vizito na vifundo vinavyouma huishia kusugua vidole na vifundo peke yake, na kumbe bega limepanda karibu na sikio, mgongo umepinda, na mkono wote umebanwa tangu asubuhi. Kwa hiyo tutaanza na namna ya kuketi, tupande mabegani, kisha tushuke polepole hadi vidoleni, na mpangilio huo naomba usiubadilishe hata kama kinachokusumbua ni kidole kimoja tu.

Nilifanya kazi ya uchapaji ofisini kwa miaka mingi, kwanza kwa taipureta na baadaye kwa kompyuta, na tangu nilipostaafu nakutana na majirani wachache barazani kwangu hapa Dodoma, saa kumi jioni, mara tatu kwa wiki. Yumo mama anayebangua karanga za kuuza, yumo fundi cherehani mwenye kibanda Majengo, yumo mzee aliyepogoa mizabibu ya Hombolo tangu ujana wake, na siku za mapumziko huja dada mmoja mtumishi wa Mji wa Serikali kule Mtumba, ambaye wiki nzima huwa mbele ya kompyuta. Kazi zao hazifanani hata kidogo, lakini walipoketi kwa mara ya kwanza mabega yao yalifanana: yalikuwa yamesogea mbele na kupanda juu, na videvu vimetangulia.

Yoga asili yake ni India, ambako ilikua kwa karne nyingi pamoja na dini na falsafa za huko, na tangu mwaka 2015 tarehe 21 Juni huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2014. Wapo wanaoniuliza kama kuifanya ni kuiacha imani yao, na swali hilo naliheshimu. Hapa tunachukua mkao, mwendo wa viungo na pumzi tu. Hakuna wimbo wala dua ya mtu mwingine, na atakayependa kusali sala yake mwenyewe wakati wa kupumzika mwishoni yuko huru kabisa.

Kiti na mahali

Tafuta kiti chenye miguu minne imara, kisicho na magurudumu, na kama inawezekana kisicho na sehemu za kuegemeza mikono, kwa sababu hizo huzuia viwiko. Kiti cha plastiki kinafaa, ila kikague kwanza: kiinue, tazama kama mguu wowote una ufa, kisha ukiweke mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta ili kisiteleze, hasa kwenye sakafu ya vigae. Kiti cha ofisini chenye magurudumu usikitumie hata kama umezoea kukikalia. Iwapo nyayo zako hazifiki chini sawasawa, weka tofali au khanga iliyokunjwa mara kadhaa chini ya miguu. Uwe na khanga nyingine pembeni, kwa kuwa tutaihitaji.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zetu ni za baridi na upepo. Viungo vya mtu mzima havipendi kunyooshwa katika hali hiyo. Miezi hiyo fanya mazoezi baada ya jua kupanda au jioni kabla halijazama, na kama vidole vinaamka vimekakamaa, viloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano kwanza. Maji yasiwe ya moto, na mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimepoteza hisia ayapime kwa kiwiko au amwombe mtu mwingine ampimie.

Nani asubiri kwanza

Mimi si daktari, na haya ni mazoezi mepesi ya kulegeza viungo, si tiba ya ugonjwa. Aliyevunjika mfupa, aliyetenguka bega au aliyefanyiwa upasuaji wa mkono, bega au titi hivi karibuni asianze mpaka anayemtibu amruhusu. Kiungo kilichovimba, chekundu na chenye joto hakinyooshwi. Kinapumzishwa mpaka kitulie. Mwenye shinikizo la juu la damu anaweza kushiriki, lakini asizuie pumzi wala asikae muda mrefu na mikono juu ya kichwa.

Kuna maumivu ya mkono ambayo hayana uhusiano na misuli. Maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, hayo ni ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu yanaweza kuwa ya moyo. Vivyo hivyo mkono mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande, au maneno yakashindwa kutoka vizuri, kwa kuwa hizo ni dalili za kiharusi.

Kuketi na kupumua

Sogea mbele kidogo ili mgongo wako usiegemee kiti. Weka nyayo zote mbili chini, zikiachana kwa upana wa nyonga, na magoti yawe juu ya vifundo vya miguu. Sasa yumba taratibu kulia na kushoto mpaka uhisi mifupa miwili ya makalio ikigusa kiti, kisha kaa juu ya mifupa hiyo. Wengi wetu hukaa nyuma yake, juu ya kiuno, na hapo ndipo mgongo unapopinda na mabega yanapoanguka mbele. Inua utosi kuelekea dari, rudisha kidevu kidogo ili masikio yawe juu ya mabega, na uweke viganja juu ya mapaja.

Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe huku ukihesabu moja hadi sita. Fanya hivyo mara tano au sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta husaidia mwili kutulia na misuli kulegea, na ndiyo sababu sitaki mtu aruke sehemu hii ingawa inaonekana si mazoezi. Katika kila hatua inayofuata kanuni ni moja: ukishindwa kupumua vizuri umevuta kupita kiasi, punguza.

Mabega

Ukivuta pumzi, pandisha mabega yote mawili kuelekea masikioni. Ukiitoa, yaache yashuke yenyewe. Usiyasukume chini, yaachie tu. Rudia mara sita. Kisha yazungushe: mbele, juu, nyuma, chini, polepole kiasi cha pumzi moja kwa mzunguko mmoja, mara sita. Sisi tunazungusha kwa kurudi nyuma zaidi kuliko kwenda mbele, kwa kuwa kazi za siku nzima zimekwisha kuyapeleka mbele vya kutosha.

Baada ya hapo inua mikono, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapojiumiza. Bega ndilo kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko viungo vyote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikombe kinachokipokea hakina kina, na kinachokishikilia mahali pake ni hasa misuli minne midogo na kano zake. Juu ya kiungo hicho kuna paa dogo la mfupa, na kati ya paa na kichwa cha mfupa kano hupita katika nafasi nyembamba. Ukiinua mkono kwa pembeni kiganja kikitazama chini, mfupa hulikaribia paa lile na kano hubanwa. Ukigeuza mkono ili dole gumba litangulie kutazama juu, mfupa hujizungusha na nafasi huongezeka. Jaribu mwenyewe kwa bega lako lisilouma: inua kwa pembeni kiganja kikiwa chini, uone unapokwama, kisha rudia gumba likiwa juu. Tofauti utaihisi bila kuelezwa.

Basi vuta pumzi na inua mikono yote miwili mbele yako, magumba juu, mpaka usawa wa kifua. Kama hakuna maumivu, endelea hadi usawa wa macho. Kama bado hakuna, hadi karibu na masikio. Usipandishe mabega pamoja na mikono. Toa pumzi na ushushe taratibu, kwa muda ule ule uliotumia kupanda, kwa kuwa kuangusha mkono ghafla hulitikisa bega zaidi ya kuuinua. Rudia mara tano. Bega moja likiwa bovu, mkono usiouma uusaidie ule unaouma kwa kuushika chini ya kiwiko.

Mwaka wangu wa kwanza niliamini kwamba mkono lazima ufike juu kabisa kama nilivyoona watu wakifanya, nikauvuta wa kulia kwa nguvu huku unauma, na kwa majuma sita baada ya hapo sikuweza kufunga kitambaa kichwani wala kulalia upande huo. Tangu hapo kipimo changu, na cha wote wanaokuja barazani, ni hiki: kuvutika kunakosambaa na kupungua unapopumua kunaruhusiwa, maumivu makali ya mahali pamoja, kuchoma au ganzi hakuruhusiwi. Na kama maumivu uliyoyaamsha yanaendelea zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, kesho yake fanya nusu.

Lipo jambo lingine la kuchunguza. Kama bega halipandi hata mtu mwingine akikuinulia mkono, huenda limeganda, hali inayowapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari mara nyingi kuliko wengine. Kama mwenzako anaweza kuuinua lakini wewe peke yako huwezi, huenda kano imechanika. Yote mawili yanahitaji kuonwa na daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba, wala hayatatuliwi kwa kujilazimisha kitini.

Kufungua mgongo na kujikumbatia

Mabega hayawezi kurudi mahali pake iwapo mgongo wa juu ni mgumu kama ubao. Weka viganja juu ya magoti. Ukivuta pumzi, sogeza kifua mbele na juu, macho yakitazama mbele. Ukitoa pumzi, kunja mgongo kama paka aliyeamka, kidevu kikielekea kifuani. Viganja vibaki pale pale. Fanya hivi mara sita hadi nane bila haraka.

Kisha jikumbatie: mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kila kiganja kikishika bega la upande mwingine au popote kinapofika. Pumua mara tano ukielekeza pumzi nyuma, kati ya yale mafupa bapa ya mgongoni yaitwayo makombe ya mabega. Inua viwiko kidogo kama unaweza. Badilisha, wa kushoto uwe juu. Mkao huu ni sura nyepesi ya ule ambao wenye yoga huuita Garudasana, jina la ndege mkubwa wa hadithi za India, ambao mikono husokotana mbele ya uso. Sioni haja ya kuisokota kwa mtu mwenye miaka 65. Kukumbatia kunafika pale pale panapotakiwa.

Sasa chukua ile khanga na uisokote iwe kama kamba. Ishike kwa mkono wa kulia, upeleke mkono juu ya bega la kulia ili khanga ining'inie mgongoni, kisha ulete mkono wa kushoto nyuma kwa chini uidake. Mikono haihitaji kukutana wala kukaribiana. Mkono wa juu uvute kidogo kuelekea juu kwa pumzi moja, halafu wa chini uvute kidogo kuelekea chini kwa pumzi moja, kama mtu anayejikausha mgongo baada ya kuoga. Mara nne kila upande zinatosha. Mwenye bega linalouma aiache hatua hii kabisa kwa majuma ya mwanzo.

Kiwiko, kigasha na kifundo

Kabla ya kuendelea, shika kigasha cha mkono wa kushoto, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kwa mkono wa kulia, kisha uchezeshe vidole vya kushoto kama unapiga kinanda. Utahisi misuli ikitembea chini ya kiganja chako. Sehemu kubwa ya nguvu inayokunja na kunyoosha vidole inatoka hapo. Kiganjani zinafika kano, zikiwa zimepita kwenye kifundo. Ndiyo maana mbanguaji wa karanga aliyechoka vidole hupata nafuu akikandwa karibu na kiwiko. Likande eneo hilo kwa dole gumba, kwa miviringo midogo, kama dakika moja kila mkono.

Nyoosha mkono wa kulia mbele, kiwiko kikiwa kimelegea kidogo, kiganja kikitazama chini. Kwa mkono wa kushoto, vuta vidole vya kulia kuelekea kwako, ncha zake zikitazama juu, kwa uzito mdogo tu kama unavyopima tunda bivu. Pumua mara tatu. Kisha achia kiganja kining'inie na ukisukume taratibu kuelekea kwako kutoka nyuma yake, pumzi tatu tena. Badilisha mkono. Malizia kwa kuzungusha vifundo, mara tano kila upande, ngumi zikiwa zimelegea.

Mkao wa viganja kukutana kifuani unajulikana na kila mtu, na unafaa sana. Kutanisha viganja mbele ya kidevu, halafu ukitoa pumzi vishushe kuelekea kitovuni vikiwa vimegusana. Pale sehemu za chini za viganja zinapoanza kuachana, ishia hapo, usiendelee. Kaa pumzi tatu.

Hapa nitoe tahadhari moja. Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba ambamo kano tisa hupita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ukibanwa, gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi, na mara nyingi mtu huamshwa usiku na ganzi hiyo akawa anakung'uta mkono. Kukunja kifundo sana, mbele au nyuma, huongeza mbano. Mwenye dalili hizo afanye mikao ya kifundo kwa pumzi moja tu, au aiache, na alale na kifundo kilichonyooka. Ganzi isiyoisha, au gumba kupoteza nguvu ya kushika, si jambo la kuvumilia kwa miezi, aende hospitali.

Vidole

Kiganja, vidole na kifundo vina jumla ya mifupa 27, na vidole vinapenda mwendo wa mara kwa mara kuliko mvuto mkali. Weka viwiko juu ya mapaja. Nyoosha vidole vyote. Kisha kunja viungo vya mbele tu, vidole vikiwa kama kulabu huku vifundo vya shina la vidole vimenyooka. Rudi kwenye kunyoosha. Halafu funga ngumi iliyojaa, bila kuibana, gumba likiwa nje. Rudi tena. Mzunguko huo, mara tano, huzitelezesha kano ndani ya njia zake. Baada yake gusisha ncha ya gumba na ncha ya kila kidole, cha shahada hadi cha mwisho na kurudi, ukitengeneza duara na si yai lililobonyea. Asiyeweza kufikia kidole cha mwisho aishie anapofika.

Malizia kwa kutanua vidole vyote uwezavyo kwa pumzi moja, uviachie, kisha uweke mikono mapajani viganja vikitazama juu. Funga macho, kaa dakika mbili. Usiinuke ghafla, shika pembeni mwa kiti, sogeza miguu nyuma kidogo, ndipo usimame.

Yote haya huchukua dakika 15 hadi 20. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi, na katika majuma mawili ya kwanza naona afadhali mtu afanye mabega na vidole tu, aache khanga na vifundo mpaka mwili uzoee. Wala si lazima yote yafanyike kwa mkao mmoja. Fundi wetu huzungusha mabega kila anapobadilisha uzi, na dada wa Mtumba hufanya kulabu na ngumi akisubiri kompyuta iwake. Mama wa karanga, ambaye zamani alikuwa akimaliza debe bila kuinua kichwa, sasa amezigawa kwenye mabakuli: akimaliza bakuli moja huweka mikono mapajani, hupandisha mabega mara tatu na kuyaachia, hugusisha gumba na vidole vyote, kisha ndipo huvuta bakuli la pili.